Kujiandaa kwa Mtihani wa Udereva katika Gari la Gia za Mkono

Mtu anayejifunza gari la gia za mkono, lile ambalo mitaani tunaliita manyuo, ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuliendesha gari lenyewe na kuisoma barabara. Askari wa usalama barabarani anayeketi kushoto kwake siku ya mtihani anataka zaidi kuiona hiyo kazi ya pili, lakini wanafunzi wengi huangushwa na ile ya kwanza, kwa sababu mguu wa kushoto haujaizoea klachi na akili yote imeshuka miguuni. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa Tanzania anayetafuta leseni ya daraja D, yaani ya gari dogo la binafsi. Nimeupanga kwa kufuata jambo moja ninaloliamini baada ya kukaa na wanafunzi wengi kwenye kile kiti cha kushoto: klachi ifanyiwe mazoezi mpaka isahaulike, ili macho yapate nafasi ya kufanya kazi yake.

Nyaraka kwanza

Usiguse usukani barabarani kabla hujawa na leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaitaka, na mwenye lena haruhusiwi kuendesha akiwa peke yake. Lazima awepo pembeni yake mtu mwenye leseni halali, na gari libebe herufi L mbele na nyuma ili wengine wajue kuna mwanafunzi. Kwa daraja D unapaswa kuwa umetimiza miaka 18. Andaa mapema namba yako ya kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi, kwa sababu polisi ndio wanaokupima lakini leseni yenyewe hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Soma darasani na kwa vitendo katika chuo cha udereva kinachotambulika, kwani cheti chake kitahitajika. Kama unasoma maandishi ya mbali kwa kukunja uso, nenda ukapimwe macho sasa, usisubiri mtihani ukubainishie tatizo hilo.

Kila mwanafunzi hukutana na mtu wa kumwambia kwamba leseni inaweza kupatikana bila kufanya mtihani. Ninakuomba kwa dhati uukatae ushauri huo. Dereva ambaye hajawahi kupimwa hajui udhaifu wake uko wapi, na wa kwanza kuugundua anaweza kuwa mtoto anayekatiza barabara akitoka shule.

Kuketi na kulijua gari

Kabla ya kuwasha injini, sogeza kiti mpaka mguu wa kushoto uweze kuikanyaga klachi hadi chini kabisa huku goti likiwa bado limekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu wote, uko mbali mno, na utakuwa unaachia klachi kwa kuirusha badala ya kuiongoza. Kisha rekebisha kioo cha ndani na vile viwili vya pembeni, na funga mkanda. Fuata mpangilio huohuo kila siku, mlango, kiti, vioo, mkanda, hendibreki, gia kuwa fri (yaani haijaingia namba yoyote), ili siku ya mtihani mikono ifanye yenyewe bila kusubiri maelekezo.

Jifunze pia kulikagua gari kwa nje na chini ya boneti: upepo wa matairi na hali ya kashata zake, maji ya rejeta, oili ya injini kwa kutumia kijiti chake, mafuta ya breki, taa zote, honi na waipa. Fahamu vilipo kizima moto na pembetatu za tahadhari. Kazi hii haichukui dakika kumi, na mtahini anaweza kukuuliza kitu chochote kati ya hivyo.

Klachi, mahali pa kutulia kwa muda mrefu

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Ukiikanyaga unavitenganisha, ukiiachia unaviunganisha. Injini inazunguka kwa kasi wakati magurudumu yamesimama, na ukiviunganisha ghafla, injini nayo inalazimishwa kusimama; huko ndiko kuzima kwa gari, na hakuna uhusiano wowote na gari kuwa bovu au wewe kuwa na mkosi. Kati ya klachi kuwa chini kabisa na kuachiwa yote kuna sehemu ndogo ambapo inaanza kukamata. Sehemu hiyo ndiyo unayotakiwa kuijua kwa unyayo, kama mpishi anavyojua kwa mkono kwamba unga wa chapati umelainika.

Tafuta uwanja tambarare usio na watu. Washa gari ukiwa umevuta hendibreki na kukanyaga breki, kanyaga klachi yote, weka gia namba moja, kisha inua mguu wa kushoto polepole sana ukiacha kisigino kikae sakafuni ikiwa kimo chako kinaruhusu. Sikiliza. Mlio wa injini utashuka kidogo, na pua ya gari itajiinua au kutetemeka. Hapo imekamata. Usiendelee kuachia, kanyaga tena hadi chini, na urudie mara ishirini, kisha mara nyingine ishirini ukiwa umefumba macho, kwa kuwa zoezi hili gari limesimama na breki zote zinafanya kazi.

Zoezi la pili ni kutembeza gari kwa klachi peke yake, bila kugusa mafuta. Achia hendibreki na breki ya mguu, inua klachi mpaka ikamate, ishikilie hapo, na uliache gari litambae kwa mwendo wa mtu anayetembea. Likisogea mita tano, kanyaga klachi na breki, lisimame. Rudia. Wanafunzi huchukia zoezi hili kwa sababu halina mwendo, na hulipenda baadaye wanapogundua kwamba kurudi nyuma, kuegesha na kusogea kwenye foleni ni zoezi hilohilo katika mavazi tofauti.

Zoezi la tatu ndilo linaloongeza mafuta. Gusa mafuta kidogo mpaka mlio uwe wa kunguruma kwa upole, uushikilie mlio huo bila kupanda wala kushuka, inua klachi hadi ikamate, subiri kwa muda wa kutamka neno moja, kisha malizia kuiachia. Kosa la kawaida ni kukamilisha hatua hizi vizuri na kuurusha mguu mwishoni, kwenye ile robo ya mwisho, gari likaruka kama chura.

Fahamu vilevile kwamba klachi za magari hazifanani. Moja hukamata chini, nyingine juu karibu na mwisho, hasa diski yake ikiwa imelika, na gari la dizeli kwa kawaida hustahimili kuondoka bila mafuta kuliko dogo la petroli. Kwa hiyo uliza mapema utafanya mtihani kwa gari gani, na ufanye mazoezi ya siku za mwisho katika gari hilo. Ikishindikana, ukishaketi na kupewa ruhusa ya kuwasha, tafuta kwanza mahali klachi inapokamata ndipo uondoke.

Gia na breki

Jifunze ramani ya gia ukiwa umezima injini, huku ukitazama mbele. Dereva anayeinamisha kichwa kutafuta gia namba tatu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anapita karibu mita 14 kila sekunde bila kuona kilicho mbele yake. Usiukamate mkono wa gia kama unayeng'oa muhogo; usukume kwa kiganja, kwa kuwa kutoka namba mbili kwenda tatu mkono hupita katikati wenyewe. Gari dogo kwa kawaida hutaka namba moja ya kuondokea tu, namba mbili hadi kama kilomita 30, namba tatu hadi kama 45, na nne baada ya hapo, lakini sikio lako litakuelekeza vizuri kuliko namba hizi: injini ikilalamika kwa mlio mkali panda gia, ikitetemeka na kuvuta kwa uchovu shuka.

Katika kupunguza mwendo, breki hutangulia na klachi hufuata mwishoni, gari likikaribia kusimama. Wengi hufanya kinyume: wakiona kizuizi, mguu wa kushoto unazama kwanza. Gari lililotenganishwa na injini huserereka kwa uhuru, na dereva anakuwa amejinyima msaada wa injini katika kulizuia. Mtahini huliona kosa hili mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, usiteremke mlima gia ikiwa fri kwa kudhani unaokoa mafuta. Katika mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa, tabia hiyo huzipa breki kazi zisizoweza kuimaliza, zikapata moto na kupoteza nguvu. Mguu wa kushoto usipokuwa na kazi, uondoe kwenye klachi na uuweke pembeni.

Kuondoka mlimani

Mwanafunzi wa Mwanza hujifunza jambo hili bila kulitafuta, kwa kuwa mji wenyewe umekaa juu ya mawe na vilima. Mwenzake wa Dar es Salaam anaweza kumaliza mafunzo yote Kinondoni na Ilala bila kukutana na mlima wa maana, kisha akaombwa kusimama na kuondoka kwenye mwinuko siku ya mtihani. Kama unaishi kwenye tambarare, mwombe mwalimu wako akupeleke kwenye miinuko ya Goba, Mbezi au Pugu, na ukae huko asubuhi nzima.

Ukiwa umesimama kwenye mwinuko, vuta hendibreki imara, kanyaga klachi na uweke gia namba moja. Ongeza mafuta kidogo zaidi ya unavyofanya kwenye tambarare. Inua klachi mpaka ikamate; utaona pua ya gari ikijiinua na kusikia mlio ukizama. Sasa miguu yote miwili isisogee hata kidogo. Tazama vioo, geuza shingo kutazama kule ambako vioo havifiki, kisha achia hendibreki. Kama klachi imekamata kweli, gari litabaki palepale au litasogea mbele taratibu. Likirudi nyuma, kanyaga breki, vuta hendibreki na uanze upya, usilifukuzie kwa kukanyaga mafuta. Gari linapoanza kupanda, ongeza mafuta na umalizie klachi.

Siri iko kwenye ile sekunde ambayo miguu inatulia. Mwanafunzi mwenye hofu huachia hendibreki na klachi kwa pamoja kana kwamba vimefungwa kwa kamba moja, na gari linazima au linarudi kumkuta bodaboda aliyesimama karibu nyuma yake. Fanya zoezi hili mara nyingi kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwalimu huku ukilifanya.

Kurudi nyuma na kuegesha

Mara nyingi mtihani huwa na nguzo au koni ambazo unatakiwa kuingia katikati yake kwa kurudi nyuma. Hapa mwendo ni klachi tupu, ule mtambao wa zoezi la pili. Kabla ya kusogea tazama pande zote, kisha geuka utazame kupitia kioo cha nyuma, ukirudia vioo vya pembeni kwa zamu. Kumbuka kwamba unaporudi nyuma, pua ya gari husogea kuelekea upande wa pili wa ule unaokunjia, na nguzo nyingi huangushwa na pua wala si mkia. Ukiona umekosea mstari, simama, sogea mbele, ujipange upya kama umeruhusiwa. Kusimama na kufikiri ni bora kuliko kuendelea kwa matumaini.

Alama na sheria

Usikariri picha za alama moja moja. Elewa familia zake, na hata ile ambayo hukuisoma utaweza kuikisia. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo. Duara la buluu linaamuru. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inakutaka uwapishe wengine, na umbo lenye pembe nane ni la kusimama kabisa, magurudumu yote yatulie, hata kama huoni gari lolote. Mstari mzima katikati ya barabara hauvukwi. Uliokatika unaweza kuvukwa kwa kupita gari jingine kukiwa na usalama. Askari anayeongoza magari akikupa ishara inayopingana na taa, mtii askari.

Katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayapaswi kuzidi 80 hata nje ya makazi. Swali la kikomo cha magari hayo mazito hupendwa kuulizwa hata kwa anayetafuta daraja D. Jibu maswali ya mdomo kwa sentensi kamili. Ukiulizwa maana ya alama, eleza pia dereva anatakiwa kufanya nini akiiona, kwa mfano kwamba anapunguza mwendo, anajiandaa kusimama na hapiti gari lililo mbele yake.

Barabarani

Fika kwenye mzunguko, ambao madereva wetu huuita kipilefti, ukiwa tayari katika gia namba mbili, na uwapishe wale waliomo wanaotokea kulia kwako. Washa indiketa ya kushoto ukishapita njia ya mwisho kabla ya ile unayotaka kuifuata. Ule wa Mnara wa Saa mjini Arusha ni mwalimu mzuri saa za asubuhi, magari yakiwa mengi lakini yakienda polepole.

Kwenye kivuko cha pundamilia anza kupunguza mwendo ukiwa mbali, na simama mtu anapokuwa amekanyaga au anaelekea kukanyaga. Kabla ya kukata kushoto tazama kioo cha kushoto, kwa kuwa bodaboda na bajaji hupenya upande huo bila taarifa. Nyuma ya daladala acha nafasi ya kutosha kuona matairi yake ya nyuma yanapogusa lami, na tarajia itasimama wakati wowote. Kama unafanya mazoezi katika Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, njia za mabasi ya mwendokasi si zako hata zikiwa tupu.

Vioo vitazamwe kwa kichwa kinachogeuka kidogo. Mtahini hawezi kuona mboni za macho yako, na huenda akaandika kwamba hukutazama ilhali ulitazama.

Siku mbili za mwisho na mtihani wenyewe

Usijaribu jambo jipya katika siku hizi. Rudia mlima, kurudi nyuma na kipilefti kimoja, kisha ulale. Chagua viatu vyenye soli nyembamba na vinavyoshika mguu. Kandambili huteleza na kuingia chini ya pedali, na buti zito hukuficha pale klachi inapokamata. Weka lena, kitambulisho na cheti cha chuo katika bahasha moja usiku wake.

Msalimu mtahini kwa heshima, "Shikamoo afande" kama amekuzidi umri, kisha subiri maelekezo. Ukishindwa kusikia, sema, "Samahani afande, naomba urudie." Hakuna alama zinazopotea kwa kuuliza, lakini kukata kona isiyo sahihi kwa pupa kunaweza kukugharimu. Akikuambia ukate mahali ambapo si salama kukata, endelea moja kwa moja kwa utulivu na umweleze sababu.

Gari likizima, na linaweza kuzima hata kwa dereva mzoefu, usiombe radhi kwa maneno mengi wala kugeuza ufunguo kwa haraka gia ikiwa ndani. Kanyaga breki, vuta hendibreki, kanyaga klachi, rudisha fri, washa, weka gia namba moja, tazama vioo, ondoka. Fanya mpangilio huu mara kadhaa kwenye mazoezi kwa kulizima gari makusudi katikati ya uwanja, mwalimu akikuhesabia sekunde.

Ukifaulu, fuatilia uthibitisho wako wa polisi ndipo uende Mamlaka ya Mapato kulipia, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Usiendeshe peke yako kabla leseni haijatoka. Ukishindwa, muulize mtahini kwa upole ni kitendo gani hasa kilichokuangusha, na uandike maneno yake palepale kabla hujaondoka eneo hilo, kwa kuwa jioni utakumbuka aibu tu na maelezo yatakuwa yamefutika. Mpelekee mwalimu karatasi hiyo, na somo lenu linalofuata lianzie hapo, kwenye gari lilelile ulilofanyia mtihani kama linapatikana.